Uzi: Nani hapa aliisikia oda ya Big Smoke ndani ya gemu yenyewe, si kwenye simu?

JotoLaKondele (Kisumu)
Salamu wadau. Juzi nikiwa kwenye foleni ya chipsi hapa Kondele, kijana wa shule ya msingi aliitaja oda ya Big Smoke, yule mhusika mnene wa gemu ya GTA San Andreas, bila kusita: namba 9 mbili, namba 9 kubwa moja, namba 6 yenye mchuzi wa ziada, namba 7, namba 45 mbili, moja iwe na jibini, na soda kubwa. Wenzake wakavunjika mbavu. Nikamuuliza kama amecheza San Andreas. Hajawahi hata kushika pedi ya PS2.

Basi nina dai, na anayepinga apinge. Sisi tulioicheza gemu ile kwenye vibanda vya PS hatukuisikia hiyo oda. Gemu ilitoka Oktoba 2004 na Big Smoke alikuwemo muda wote huo, lakini mzaha wake ulitufikia miaka mingi baadaye, kupitia simu. Sababu ni pesa. Ulikuwa unalipia dakika. Nani angelipa aangalie watu wanne wakiagiza kuku ndani ya gari? Stori ikianza tu, kidole kiko kwenye X. Big Smoke tuliyemjua sisi ni yule wa treni, basi.

Kama uliisikia oda ukicheza, kabla ya kuiona mtandaoni, sema, na useme ulikuwa unachezea wapi.

MtuWaBondeni (Nakuru)
Umesema kweli tupu. Kibanda cha utotoni mwangu Bondeni, mwenye PS alisimama nyuma yako. Stori ikianza anakunyang'anya pedi anabonyeza mwenyewe: "Ruka hiyo, watu wanangoja." San Andreas hakuipenda kabisa kwa sababu haina kipenga cha mwisho. Mpira unaisha, mmoja anatoka, mwingine analipa. Ukitaka San Andreas ulilipia mbele, na ukae na macho ya watu mgongoni.

Nyar_Milimani (Kisumu)
Mimi niliisikia, tena mara nyingi. Kaka yangu alikuwa na PS2 nyumbani na hakuwa na haraka. Yeye na binamu zetu wanacheza, mimi nimekaa kwenye zulia naangalia kama filamu. Wakitaka kuruka stori nawapigia kelele.

Omera, dai lako ni la wavulana wa vibandani. Wasichana wengi tulikuwa watazamaji, na mtazamaji ndiye aliyejua stori. Kaka yangu alimaliza gemu bila kujua kwa nini Ryder, mwenzake Big Smoke, aligeuka msaliti. Mimi ndiye niliyemweleza.

JotoLaKondele (Kisumu)
@Nyar_Milimani hiyo ni nyumbani, hakuna saa inayohesabu. Bado nangoja mtu wa kibandani.

Kaptembwo_Kid (Nakuru)
Yaani mtu anaenda kufukuza maadui lakini kwanza anaagiza chakula cha kijiji kizima. Halafu wale maadui wa genge la Ballas wanafyatua risasi na yeye anaendelea kutafuna! Hapo ndipo mzaha ulipo. Mambo ya kuruka stori hayahusiani.

Mwalimu_Lanet (Nakuru)
Tuwe makini na oda yenyewe, maana watu wengi wanaisimulia nusu. Kabla ya kuongea na mhudumu wa Cluckin' Bell, ule mkahawa wa kuku ndani ya gemu, Big Smoke anawauliza wenzake wanataka nini. Wawili wanataka namba 9. CJ, yule unayemchezea, anataka namba 6 yenye mchuzi wa ziada. Kisha ndipo anaagiza. Kwa hivyo zile namba 9 mbili na ile namba 6 si zake, anawaagizia wenzake. Yule mtu anachekwa dunia nzima kwa kubeba oda za gari zima.

Na pili, nikiwa hapo: hawakuwa wanafukuza mtu wakati wa kuagiza. Walienda kula. Ballas walipita wakiwashambulia walipokuwa tayari na chakula mkononi, na akina CJ wakaanza kulifukuza gari la Ballas kwa sababu lilikuwa linaelekea mtaa wao wa Grove Street. Kwamba Big Smoke hakufyatua hata risasi moja, hilo ni kweli. Alikuwa anakula.

Kaptembwo_Kid (Nakuru)
Mwalimu, toa za wenzake. Zimebaki namba 9 kubwa, namba 7, namba 45 mbili na soda kubwa. Bado unamtetea?

Mwalimu_Lanet (Nakuru)
Namtetea. Huyo ni mtu mwenye njaa. Kuna tofauti kati ya mwenye njaa na kichekesho.

Fundi_Pedi (Kakamega)
Mnasahau waliocheza kwenye kompyuta za saiba. Hapa Kakamega San Andreas iliyozunguka kwenye flashi ilikuwa ile iliyokamuliwa, sauti zimeondolewa ili ipungue ukubwa. Redio hakuna, wahusika wanafungua midomo tu. Ile halisi ya PS2 ilihitaji DVD, hii ya flashi ilikuwa MB mia kadhaa. Mtu aliimaliza yote bila kujua Big Smoke ana sauti gani.

Kwa hivyo @JotoLaKondele kundi lako halikuwa la walioruka peke yao. Kuna walioiangalia oda nzima, macho yakiwa wazi, na wasisikie kitu. Hata DVD za vibandani zilikuwa zimekwaruzwa mpaka sauti inakatika katikati ya sentensi. Nilisafisha nyingi kwa dawa ya meno, nazijua.

OmunduWaMumias (Mumias)
Oda achana nayo. Big Smoke alikuwa mzaha kwetu kabla ya intaneti yenyewe, na ni kwa sababu ya treni. Ile misheni ya Wrong Side of the Tracks ilivunja urafiki wa watu. Wewe unaendesha pikipiki ya Sanchez, yeye yuko nyuma na bunduki, watu wa genge la Vagos wako juu ya treni. Umeifuata treni kwenye mawe, kwenye vilima, umekwepa kila kitu. Vagos wanatoroka, na yeye anakwambia ulichotakiwa kufanya ni kufuata treni tu!

Nimeifuata bwana! Wewe ndiye uliyekosa kulenga! Mzaha wote umetoka hapo. Kila Mkenya aliyewahi kulaumiwa na mkubwa kwa kosa la mkubwa mwenyewe alimwelewa CJ siku hiyo. Mtaani kwetu fundi akikosea kipimo na kumlaumu msaidizi wake, vijana wanapiga kelele moja: "Ungefuata treni!"

Butere_Express (Butere)
Hiyo misheni ingewekwa kwenye reli yetu hakuna ambaye angeifeli. Treni ya Butere ungeifuata kwa baiskeli, uipite, ununue mahindi choma, na uingoje stesheni inayofuata.

OmunduWaMumias (Mumias)
@Butere_Express na Big Smoke bado angekosa kulenga.

Mwalimu_Lanet (Nakuru)
Jambo moja kuhusu hiyo sentensi ya treni. Anaisema ukifeli, treni ikishatoroka. Aliyeipita misheni mara ya kwanza hakuisikia kamwe. Sasa angalieni: sentensi ya oda iko kwenye stori ambayo watu waliiruka, na sentensi ya treni inasikika kwa aliyeshindwa tu. Kwamba sisi wote tunaijua ya treni inaonyesha tulivyokuwa tunaendesha ile pikipiki.

Kaptembwo_Kid (Nakuru)
Mimi niliipita mara ya kwanza.

MtuWaBondeni (Nakuru)
@Kaptembwo_Kid nilikuwepo. Hukuipita.

Fundi_Pedi (Kakamega)
Kwa wale wanaoicheza sasa kwenye simu na bado inawatesa: msikae karibu na behewa. Ukijibana ubavuni mwa treni, Smoke hana pembe ya kuwaona walio juu, risasi zote zinagonga bati. Hamia reli ya kulia, acha nafasi kati yako na treni, kisha nenda sambamba na yule Vago unayetaka aanguke. Usimpite, usibaki nyuma. Hapo Smoke analenga vizuri tu. Kwa hiyo @OmunduWaMumias, samahani, lakini huenda yule jamaa alikuwa na haki. Neno kufuata ndilo lililowapoteza watu, wakaganda nyuma ya behewa la mwisho.

OmunduWaMumias (Mumias)
Sasa anasema nifuate, nikifuata nakosea. Huoni hapo ndipo unazidi kunipa hoja?

DaktariWaKitale (Kitale)
Niongeze la muda, kwa sababu mwenye uzi ametoa sababu yake kwa nini mzaha ulichelewa. San Andreas iliingia kwenye simu Desemba 2013. Watu ambao hawakuwa na PS wakaanza kuicheza kitandani, bila mtu wa kuwaharakisha, na wengine wakaicheza upya wakiwa watu wazima wanaoelewa Kiingereza cha wale jamaa. Kisha karibu 2016 YouTube ikajaa video ambapo sauti ya Big Smoke imekatwakatwa na kupangwa upya ikawa wimbo. Miaka mitatu baadaye, 2019, ikawa zamu ya CJ mwenyewe, ile video anayotembea barabarani akilalamika kwamba mambo yameanza tena. Watu walimweka CJ kwenye kila mandhari duniani. Nadhani hata hapa Kitale alitembezwa kwenye shamba la mahindi.

Kwa maoni yangu si pesa ya kibandani. Mzaha wa mtandaoni unahitaji watu waliokua pamoja na kitu, halafu wakakikumbuka wote kwa wakati mmoja. 2004 tulikuwa watoto.

JotoLaKondele (Kisumu)
@DaktariWaKitale mbona basi Tenpenny hakumbukwi hivyo? Yule polisi aliigizwa na Samuel L. Jackson, mtu anayejulikana kila pembe. Stori zake ni nyingi kuliko oda moja ya kuku.

Nyar_Milimani (Kisumu)
Kwa sababu Tenpenny anatisha. Big Smoke aliigizwa na Clifton Powell, na sikilizeni anavyosema ile oda: haharakishi, hapandishi sauti, hachekeshi. Anaagiza kama mtu anayesoma hati mahakamani. Angeigiza kwa kuchekesha ingesahaulika. Ndiyo maana siamini kabisa maelezo ya @OmunduWaMumias kwamba yote ni treni. Treni ni kelele. Oda ni utulivu wa yule mtu.

Halafu kuna usaliti. Kwetu ilipofika ile misheni ya The Green Sabre, CJ alipoonyeshwa lile gari lililotumika siku mama yake alipouawa, Big Smoke na Ryder wakiwa papo hapo na watu wa upande wa pili, chumba kilinyamaza. Binamu yangu aliweka pedi chini. Tulimpenda yule mtu mnene anayekula. Alikuwa anamwita CJ kwenye meza yake. Baadaye unaporudi kwenye oda unaona alikula kwa starehe huku wenzake wakipigana na Ballas, na yeye hakuwafyatulia. Mimi nasema oda inachekesha ikiwa hujui mwisho, na inauma ukiujua, na vyote viwili vinaifanya irudiwe.

Kaptembwo_Kid (Nakuru)
Dada, hilo limeniingia. Sikuwahi kuunganisha.

Mwalimu_Lanet (Nakuru)
Linaingia, ila tusilikubali haraka. Sweet (kaka yake CJ), Ryder na CJ ndio waliofyatua siku ile, na Ryder naye alikuja kugeuka. Kama kutofyatua ni ushahidi, mbona Ryder alifyatua?

Nyar_Milimani (Kisumu)
Kwa sababu Ryder alikuwa mpumbavu, Mwalimu. Big Smoke ndiye aliyekuwa na hesabu.

ShangaziWaKibuye (Kisumu)
Sichezi gemu, mwanangu ndiye amenionyesha mnayoandika. Nauza chakula karibu na Kibuye. Nataka kumuunga mkono Mwalimu.

Mtu wa mjengo anakuja kwangu peke yake saa sita na nusu: ugali sita, omena mbili, matumbo mbili, samaki moja, moja ya mboga tupu, chapati nne, na supu iwekwe kando. Mgeni akimsikia atashangaa. Mimi sishangai, natafuta sufuria. Ameachwa na wenzake juu ya jengo, amebeba pesa za wote, na kila mmoja amesema lake. Huwa anaitaja kwa mpigo mmoja hivyohivyo kwa sababu akikatizwa atasahau ya nani ni ipi. Huyo jamaa wenu anaonekana anafanya hivyo. Mnacheka msichokijua, wanangu.

MtuWaBondeni (Nakuru)
Shangazi amefunga mjadala.

Kaptembwo_Kid (Nakuru)
Hajafunga. Shangazi, heshima kwako, lakini mtu wa mjengo anapeleka chakula kwa wengine juu ya jengo. Big Smoke alikuwa na wenzake watatu ndani ya gari na bado kuna vyakula vinne vya ziada visivyo na mwenyewe.

Na mimi niliwahi kujaribu hapa Nakuru, hoteli moja ndogo ya karibu na stendi. Nikasema kwa sauti ileile: chapati mbili, chapati kubwa moja, madondo yenye supu ya ziada, ndengu moja, mayai mawili, moja liwe la kuiva sana, na chai kubwa. Marafiki zangu wako chini ya meza. Mhudumu hakupepesa jicho. Aligeuka akapiga kelele kuelekea jikoni, yote, kwa mpangilio, kisha akaniuliza kama nalipa M-Pesa. Nikala yote.

Fundi_Pedi (Kakamega)
Kitu kinachonichekesha mimi ni hizo namba. Ingia Cluckin' Bell na CJ mwenyewe, uende mpaka kaunta: kuna chaguo nne, na moja ni saladi. Namba 45 haipo. Yaani yule mtu aliagiza kwenye menyu ambayo sisi wachezaji hatukuonyeshwa. Na CJ ukimlisha kupita kiasi anatapika, huku Big Smoke akimaliza namba 45 mbili akiwa salama.

Butere_Express (Butere)
Nikiongeza kwenye wahusika wadogo, mbona hamumtaji Castolo? Yule mshambuliaji wa kubuni kwenye Master League ya PES, gemu ya mpira, hana timu duniani, hana mama wala baba, na alitufungia mabao kuliko watu wa kweli. Uzi wake uko wapi?

MtuWaBondeni (Nakuru)
Master League ilihitaji kadi ya kumbukumbu yako mwenyewe, na wewe Butere ulikuwa unaazima. Castolo anahitaji uzi wake, usimchanganye hapa. Lakini ni kweli, Minanda na Ximelez nao wapewe heshima.

DaktariWaKitale (Kitale)
Na San Andreas ile iliyorekebishwa, iliyotoka Novemba 2021? Kuna aliyeicheza? Nyuso ziliharibika, mvua ilikuwa kama nyuzi nyeupe mbele ya kioo. Vijana wengi walikuja kumjua Big Smoke kupitia picha za kulalamikia hiyo. Hapo ndipo kijana wa Kondele anaweza kuwa alimtoa.

Mzee_wa_Benchi (Kisumu)
Nimesoma kuanzia juu na kuna jambo limeachwa lipite. Mimi nilikuwa na kibanda cha PS Nyalenda, tivii tatu za mgongo, na jenereta ya jirani stima ikipotea.

@JotoLaKondele na @MtuWaBondeni mnasema mwenye kibanda ndiye aliyetaka stori zirukwe. Fikirini. Kama unalipia dakika, stori ikicheza saa inakimbia na pesa ni yangu. Mimi ningependa muangalie Big Smoke akiagiza mpaka jioni. Aliyewafanya mruke si mimi, ni benchi. Vijana waliokaa nyuma yenu ndio waliokuwa wakizomea, kwa sababu wao walitaka mpira wa Winning Eleven na walikuwa wameshika shilingi zao mkononi, zimeloa jasho.

Na wapo walioangalia. Kulikuwa na usiku wa kufunga mlango, Ijumaa na Jumamosi, unalipa mara moja unacheza mpaka asubuhi. Usiku huo hakuna aliyebonyeza X. Walikuwa wanakaa watu saba mbele ya tivii moja, pedi ya kushoto raba imeisha imefungwa plasta, mmoja anacheza na sita wanatafsiri. Hiyo oda niliisikia Nyalenda kabla ya nyinyi kuwa na simu. Waliicheka palepale, wakaanza kuagizana mandazi kwa namba.

JotoLaKondele (Kisumu)
Mzee, karibu. Huyu ndiye niliyekuwa namngoja. Lakini usiku mmoja wa watu saba unatosha kusambaza mzaha Kisumu nzima? Mbona mimi Kondele, mwendo wa boda tu kutoka kwako, sikuusikia mpaka nilipokuwa na simu?

Mzee_wa_Benchi (Kisumu)
Kwa sababu wewe ulikuwa benchi.

MtuWaBondeni (Nakuru)
Bado nashikilia langu. Wa kwangu alikuwa anauza kwa misheni, si kwa dakika, ukifeli unalipa tena. Kwa huyo stori ni hasara. Vibanda havikuwa sawa. Msiandike historia ya nchi kwa Nyalenda moja.

OmunduWaMumias (Mumias)
Kulipa kwa misheni! Basi mwenye kibanda wako alijenga nyumba kwa ile treni.

Nyar_Milimani (Kisumu)
Mzee_wa_Benchi, kibanda chako kilikuwa karibu na ule mti mkubwa, mlango wa buluu? Kaka yangu anauliza nani alifuta faili yake pale. Alikuwa amefika mji wa Las Venturas kwenye gemu.

Mzee_wa_Benchi (Kisumu)
Mlango wa buluu ndiyo. Mwambie kadi ilikuwa MB 8 na ilitumiwa na mtaa mzima. Kila mtu alikuwa na faili ya Las Venturas. Aliyemfutia ni yule aliyekuwa anamfundisha kodi za siri (cheat), amuulize yeye.